Kuandika agizo linaloeleweka na chatboti: niliyojifunza kwenye meza ya saiba, Ngara

KaraniWaNgara (mwanzilishi wa uzi)

Wenzangu, ningependa tulijadili kwa kina jambo ambalo aghalabu huguswa juu juu tu, nalo ni namna ya kuandika agizo la chatboti za akili unde, iwe ni ChatGPT, Gemini, Claude au nyingine yoyote, ili jibu linalorudi liweze kutumika. Mimi ni karani katika saiba moja hapa Ngara, Nairobi. Kutwa nzima nawachapia watu barua za kuomba kazi, wasifukazi, kumbukumbu za mikutano ya vyama, ratiba za harusi na wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kazi hii imebadilika sura. Zamani mteja alikuja mikono mitupu akanieleza shida yake. Siku hizi anakuja na simu iliyo na barua tayari, akitaka niichapishe tu, na mara nyingi barua hiyo haimsaidii.

Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na nimeridhika kwamba kasoro yake haitokani na mtu kutojua maneno fulani ya siri ya kuiamrisha mashine. Kazi ya karani ni nusu kuchapa na nusu kuuliza. Mteja akiniambia, "Niandikie barua ya kuomba kazi," sigusi kibodi kabla sijajua ni kazi gani, aliisikia wapi, nani ataisoma barua hiyo, na ni jambo gani alilowahi kulifanya ambalo mwajiri angependa kulisikia. Chatboti hufanya kinyume. Usipoiambia iulize, mara nyingi huandika papo hapo, na palipo na pengo hupajaza kwa lile lililozoeleka. Kwa hiyo ile nusu ya kuuliza imehama kutoka kwangu na kumwangukia mwenye kuagiza, ilhali wengi hawajui kwamba wamekabidhiwa.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu. Mwezi wa Juni alikuja mama mmoja aliyekuwa akidai dipoziti ya nyumba, Sh18,000. Agizo aliloiandikia chatboti lilikuwa hili: "Niandikie barua kwa landilodi kuhusu dipoziti yangu." Barua iliyotoka ilianza kwa "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa katika hali njema", ikaendelea aya nne bila kutaja kiasi wala tarehe, ikaomba "uelewa wako katika suala hili", na mwishoni ikaacha mabano yaliyoandikwa "Jina Lako". Nilimvutia kiti, nikamuuliza alihama lini, kama alitoa notisi, nani alipokea funguo, kama nyumba ilikaguliwa, na waliahidiana nini. Mwisho nilimuuliza kwa nini hajaenda kwa chifu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema dada yake bado anakaa katika ploti ile ile, naye hataki amharibie.

Jibu hilo moja ndilo lililobeba barua nzima, na hakuna mashine ambayo ingelijua. Agizo tuliloliandika pamoja likawa hivi:

"Andika barua rasmi kwa Kiswahili kutoka kwa aliyekuwa mpangaji kwenda kwa mwenye nyumba. Mpangaji alihama tarehe 31 Mei baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja. Alilipa dipoziti ya Sh18,000 na risiti anayo. Siku ya kuhama keateka alikagua nyumba, akapokea funguo, na hakutaja uharibifu wowote ila kitasa cha mlango wa bafu. Mwenye nyumba aliahidi kwa simu kurudisha pesa ndani ya siku 14, na siku hizo zimepita. Mpangaji anakubali gharama ya kitasa ikatwe mradi aonyeshwe risiti ya fundi, na anataka salio lirudishwe kufikia tarehe 30 Juni. Dada yake bado ni mpangaji katika ploti hiyo, kwa hivyo barua iwe thabiti bila vitisho, isimtaje dada wala mahakama. Isizidi aya tatu. Anza kwa anwani, kisha KUH:, na umalizie kwa Wako mwaminifu. Usiweke maneno ya kumtakia heri. Usiongeze jambo lolote nisilolitaja, na ukikosa habari muhimu, niulize kabla ya kuandika."

Barua iliyorudi ilikuwa na aya tatu fupi. Nilibadilisha maneno mawili tu, nikaichapisha.

Sababu ya tofauti hiyo si fumbo. Chatboti hizi zimejengwa juu ya modeli kubwa za lugha, ambazo kazi yake ya msingi ni kukisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na maandishi yaliyotangulia; muundo wa transfoma, unaotumiwa na nyingi kati yake, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Maandishi hayo yaliyotangulia ndiyo agizo lako. Likiwa na maneno saba, kinachofuata kinaweza kuwa barua yoyote kati ya maelfu, na mashine huegemea ile iliyo ya kawaida kuliko zote. Kila jambo la kweli unaloliongeza linaziondoa barua nyingi zisizokuhusu. Ndiyo maana kuongeza sifa kama "nzuri sana" au "ya kitaalamu" hakusaidii, kwa kuwa sifa haiondoi kitu, lakini tarehe 31 Mei inaondoa.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mzigo wa ziada. Waliotengeneza GPT-3, modeli iliyotangulia ChatGPT, walieleza katika makala ya mwaka 2020 kwamba takribani asilimia 93 ya maneno yaliyotumika kuifunza yalikuwa ya Kiingereza. Modeli zilizokuja baadaye zimekijua Kiswahili vizuri zaidi, lakini bado huwa naona sentensi ambazo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu: barua "inayokukuta", mtu "anayefikia nje" kuomba msaada, kampuni "inayotazama mbele kufanya kazi nawe". Nimejaribu kuziambia, "Andika Kiswahili sanifu," na zinajibu kwamba zimesikia, kisha zinarudia yale yale. Kilichonisaidia ni kuzipa sampuli. Makala hiyo hiyo ya 2020 ilionyesha kwamba mifano michache iliyowekwa ndani ya agizo lenyewe huiwezesha modeli kushika kazi mpya bila kufunzwa upya. Mimi nina barua tatu za zamani, zilizoandikwa na karani aliyenifundisha kazi, ambazo nimeyaondoa majina yote. Huzibandika juu ya agizo na kusema, "Fuata mtindo wa barua hizi." Lugha hubadilika mara moja.

Jambo la mwisho katika chapisho hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, mzee mmoja, kwa haraka, kwa kuwa familia ilikuwa inasafiri usiku huo. Niliipa chatboti jina, mwaka wa kuzaliwa, majina ya watoto na mahali alipofanya kazi, kisha nikasema, "Andika wasifu wa kurasa mbili." Habari nilizokuwa nazo hazikutosha hata nusu ukurasa. Mashine ilijaza. Iliandika kwamba mzee alikuwa mwanakwaya na kwamba alipenda sana kilimo cha bustani. Binti yake alisoma karatasi pale kaunta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekuambia baba alikuwa mwanakwaya?" Sikuwa na la kumjibu. Niliomba radhi, nikaufuta, tukaandika upya kwa mkono wetu, nusu ukurasa wa kweli. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliagiza urefu ambao ukweli niliokuwa nao haukuweza kuufikia. Tangu siku hiyo siagizi urefu kabla sijapima habari nilizonazo.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wanaotumia vifaa hivi kazini.

MwalimuWaKayole

Ahsante kwa uzi huu, karani. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na hutumia chatboti kutunga maswali ya ufahamu. Nilifundishwa kuanza kila agizo kwa kusema, "Wewe ni mwalimu mwenye tajriba ya miaka 20 na mtahini wa kitaifa." Pia nimeambiwa niongeze maneno "fikiri hatua kwa hatua". Maoni yako ni yapi kuhusu mbinu hizi mbili? Hata baada ya kuzitumia, maswali ninayopata ni mepesi, mengi yanaweza kujibiwa bila kukisoma kifungu.

KaraniWaNgara

Shukrani, Mwalimu. Kuipa chatboti cheo hubadilisha sauti na msamiati wake, na hilo lina faida, kwa sababu jibu la anayeitwa mtahini halifanani na jibu la anayeitwa rafiki. Lakini cheo hakiongezi ujuzi ambao haumo. Hatari yake ni kwamba jibu likija kwa sauti ya mtaalamu, msomaji hulegeza macho. Mtakumbuka kisa cha New York cha mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, ambapo mawakili waliwasilisha mahakamani hukumu za kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na mwezi Juni jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hukumu zile ziliandikwa kwa lugha ya kisheria kabisa. Hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote.

Kuhusu "fikiri hatua kwa hatua", watafiti walionyesha mwaka 2022 kwamba maneno hayo yalizisaidia modeli za wakati ule kutatua hesabu na mafumbo. Modeli nyingi za sasa hufikiri hivyo zenyewe kabla ya kujibu, kwa hiyo faida ya maneno yenyewe imepungua. Mimi bado huomba nionyeshwe njia ya hesabu, ili niweze kuikagua mwenyewe.

Kuhusu maswali yako mepesi, ningekuomba utazame kama kifungu chenyewe umekiweka ndani ya agizo, au umekitaja kwa jina tu. Kikitajwa kwa jina, mashine hutunga kwa kukisia. Pili, ipe maswali mawili uliyoyatunga wewe, moja ambalo ungelikubali na moja ambalo ungelikataa, na ueleze kwa sentensi moja kwa nini umelikataa. Hilo la kukataliwa ndilo linalofundisha zaidi. Unajua kabisa kwa nini swali fulani ni jepesi. Mashine haijui mpaka uiambie kwamba jibu lake linapatikana katika kichwa cha kifungu.

MtafsiriHuru

Ninakubaliana na mengi, ila nina pingamizi. Mimi huandika maagizo yangu yote kwa Kiingereza, kisha naagiza jibu lije kwa Kiswahili. Modeli hizi zimekisoma Kiingereza zaidi, na zaidi ya hayo, maneno ya Kiswahili hukatwa katika vipande vingi kuliko ya Kiingereza, hivyo maandishi yetu hujaza upesi nafasi ambayo modeli inaweza kuisoma kwa mara moja na kugharimu zaidi kwa anayelipia kwa kipimo cha vipande. Sioni faida ya kuagiza kwa Kiswahili zaidi ya fahari ya lugha.

KaraniWaNgara

Ndugu Mtafsiri, hoja ya vipande ni ya kweli, na kwa kazi kama fomula za lahajedwali au msimbo wa kompyuta nami huagiza kwa Kiingereza bila kusita. Lakini kwa maandishi yanayohusu watu wetu nimeona hasara ambayo haihusiani na fahari. Majuzi nilichapa tangazo la kifo ambalo familia ilikuwa imelitayarisha kwa njia yako hiyo. Katika agizo, kaka wa baba na kaka wa mama wote waliitwa kwa neno moja la Kiingereza, na tangazo la Kiswahili likarudi likiwaita wote wajomba. Baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza mipango ya mazishi, akawa mjomba. Katika familia nyingi hapa hilo si kosa dogo, kwa kuwa linamwondoa mtu katika nafasi yake. Kiswahili kingekuwa kimetofautisha tangu mwanzo, kwa neno moja tu, bila maelezo.

Vivyo hivyo heshima. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba barua inakwenda kwa mtu mzima, mashine hupata umri tu. Ukiandika "inakwenda kwa mzee wa mtaa, ambaye mwandishi wa barua humwamkia kwa shikamoo", imepata uhusiano mzima. Kwa hiyo kanuni yangu ni kuagiza kwa lugha ambayo ndani yake jambo lenyewe linaishi.

MtafsiriHuru

Mfano wa baba mdogo umeniingia. Nimekwenda kukagua tafsiri zangu za mwezi huu na nimekuta "mjomba" wawili ambao sina hakika nao. Nitawaandikia wateja.

MwekaHazinaWetu

Naomba msaada. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu 24 huko Githurai, na katibu wetu yuko safarini, hivyo nimeachiwa kuandika kumbukumbu. Nina sauti iliyonakiliwa kuwa maandishi, kurasa 11 hivi. Agizo langu ni hili: "Fupisha mkutano huu uwe kumbukumbu rasmi." Kisha nimebandika kila kitu, pamoja na orodha ya wanachama yenye nambari za simu na za vitambulisho. Kumbukumbu iliyotoka imesahau uamuzi wa kumkopesha mwanachama mmoja, uliojadiliwa katikati ya mkutano, na inasema mkutano ujao ni saa nane usiku.

KaraniWaNgara

Ndugu Mweka Hazina, nianze na orodha ile. Nakusihi usibandike tena nambari za vitambulisho na za simu za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata kama isingekuwepo, wanachama hao walikupa nambari zao kwa ajili ya chama, hawakuzitoa ziende kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Kumbukumbu hazihitaji nambari hizo. Hata majina unaweza kuyabadilisha kuwa M1, M2, M3 kabla ya kubandika, kisha ukayarudisha mwenyewe mwishoni. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu uamuzi uliopotea, watafiti walionyesha mwaka 2023 kwamba modeli za wakati huo zilitumia vizuri zaidi habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu kuliko zile zilizofichika katikati. Modeli mpya zimeendelea, lakini mimi bado sizibebeshi kurasa 11 kwa mpigo. Gawanya nakala kufuatana na ajenda. Kwa kila sehemu, agiza kwanza orodha ya maamuzi tu: nani alipendekeza, nani aliunga mkono, kiasi gani, na tarehe ya mwisho ni lini, pamoja na sentensi halisi ya nakala inayothibitisha kila uamuzi. Ukishaikagua orodha hiyo ndipo uagize kumbukumbu. Hesabu za michango zifanye wewe kwa kikokotoo. Kama wanachama 22 walitoa Sh500 kila mmoja, andika Sh11,000 ndani ya agizo, usiiache mashine ijumlishe kutoka katika mazungumzo.

Sasa saa. Hili nimeliona mara nyingi mno, na limewahi kumfanya mteja wangu mmoja akose usaili. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na magharibi, wanaotumia Kiingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Chatboti hutangatanga kati ya mifumo hiyo miwili: "saa tatu asubuhi" inaweza kugeuzwa alfajiri ya usingizi, na nyakati nyingine mkutano wa asubuhi unaandikwa "saa 9 asubuhi". Usiandike saa peke yake ndani ya agizo. Andika "saa nane mchana, yaani 14:00", na uongeze, "Tumia saa za Kiswahili." Kisha soma kila saa iliyomo katika jibu kwa kidole.

Agizo lako la pili ningelianza hivi: "Nitakupa sehemu moja ya mkutano wa chama cha wanachama 24. Kumbukumbu zitasomwa na wanachama wote mkutano ujao, na zitakuwa ushahidi endapo kutatokea mzozo wa mkopo. Kabla ya kuandika chochote, niulize kila jambo ambalo uamuzi umeliacha wazi."

MwekaHazinaWetu

Nimefuata ulivyosema, sehemu kwa sehemu, bila majina. Uamuzi wa mkopo umeonekana, na sentensi ya kuuthibitisha ipo. Kabla ya kuandika imeniuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa kama Sh30,000 za mkopo zitatolewa zote kwa pamoja, hilo nilijibu. La pili lilikuwa ni nani atakayemdhamini mkopaji, kwa kuwa katika nakala watu wawili walisema "nitasimama naye" lakini hakuna aliyepitishwa. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu na ni kweli, hatukupitisha. Nimempigia katibu huko aliko, naye alidhani ni mmoja wao, mwenyekiti anadhani ni yule mwingine. Pesa zilikuwa zitoke Ijumaa. Tumekubaliana zisitoke mpaka tukutane Jumapili, saa nane mchana, yaani 14:00.